"Mimi Navuta Mbili Tu": moyo hauhesabu hivyo

Huku Lamu mtu akiwa mvutaji watu wote humwangalia kifua. Akikohoa wanamwambia umeona sasa, akikonda wanamuuliza kama ashapima TB, na yeye mwenyewe akijitetea atajitetea kwa kifua hicho hicho, ati mbona mimi sikohoi, mbona napanda ngazi za nyumba ya ghorofa tatu na sihemi, mbona babu alivuta mpaka akafika themanini. Halafu mtu huyo huyo siku moja baada ya Isha anaanguka barazani, hana kikohozi hana nini, na kesho yake mazikoni utasikia presha, utasikia kijicho, utasikia siku yake ilifika, na hio ya mwisho hakuna wa kuibishia, lakini sigara hutoisikia ikitajwa hata mara moja.

Hili limenikaa rohoni muda, ndio naandika. Tunaogopea mapafu, na ni haki kuyaogopea, lakini wavutaji wengi sana wanaondoka kwa moyo na mishipa ya damu, na moyo hausubiri mtu awe mvutaji mkubwa.

Nianze na mapafu basi, maana ndiyo tunayoyajua. Ami yangu alikuwa mzamiaji wa kambamawe, wale wa kushikilia pumzi si wa mitungi, kaskazi ikitulia na maji yakawa meupe wanatoka mpaka upande wa Kiwayu huko, miwani na fimbo basi, wanaingia chini ya miamba. Na wazamiaji wale wallahi ni watu wa fegi kwelikweli. Mtu anatoka majini anatetemeka, kitu cha kwanza anachodai si chai, ni sigara, ati inapasha mwili. Haipashi. Nikotini inabana mishipa midogo ya ngozi na vidole kwa hio vidole ndio vinazidi kuwa baridi, lile joto analolihisi liko kichwani mwake tu.

Na kuna jambo jengine ambalo kwa mzamiaji ni kubwa kuliko baridi. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumba kimefungwa. Gesi hio inashikana na himoglobini, yaani kile kitu ndani ya damu kinachobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ikishapata nafasi haitoki haraka, zinapita kama saa nne tano ndio ipungue nusu. Mvutaji wa kila siku anaweza kutembea na asilimia 5 ya himoglobini yake imekaliwa, na wale wa paketi na nusu inafika 10 au inapita. Sasa fikiria mtu anavuta pumzi moja kubwa anashuka chini ya jabali, kifua kimejaa, lakini damu ina sehemu ambayo haibebi chochote cha maana. Ami alikuwa akisema pumzi zimekuwa fupi ni umri. Na hamsini alikuwa hajaifika.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vidogo vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, si chini ya milioni 300, ndipo oksijeni inapopita kuingia kwenye damu. Na mirija inayopeleka hewa huko ina vinywele vidogo sana ambavyo kazi yao ni kusukuma makohozi na vumbi vitoke juu. Moshi unavilemaza vile vinywele, makohozi yanakaa, ndio kile kikohozi cha alfajiri ambacho kila nyumba ya mvutaji inakijua. Hilo bado lina dawa, ukiacha vinaota na kurudi kazini. Ila vifuko vikishavunjika kuta zake havijengeki tena, hapo ndipo ugonjwa unaoitwa COPD unapokaa, njia za hewa zimekuwa nyembamba na vifuko vimelegea, hewa inaingia lakini kutoka ni kazi.

Ubaya ni kwamba mtu hajui. Mtu mzima yeyote, hata asiyevuta, akishapita miaka thelathini hivi uwezo wake wa kupuliza hewa kwa sekunde moja unapungua kidogo kila mwaka, kama mililita 30. Kwa mvutaji ambaye mapafu yake ni ya kudhurika, kiasi hicho kinaweza kuwa mara mbili. Lakini Mungu ametupa mapafu makubwa kuliko mahitaji yetu, kwa hio unaweza kupoteza kiasi kikubwa na bado ukapanda ngazi zako na kubishana barazani. Ami alipopelekwa Mombasa akapulizishwa ile mashine ya kupima pumzi alikuwa chini ya nusu ya anachotakiwa mtu wa kimo chake na umri wake, na mwezi mmoja nyuma alikuwa bado anaenda baharini!

Kuna hoja moja naisikia sana, na wanaoileta si wajinga. Kwamba Amu, yaani mji wa Lamu, hewa yake ni safi, mjini hakuna magari, ni punda na mikokoteni na siku hizi hizo bodaboda za pale ukingoni, kwa hio mapafu ya mtu wa Langoni huwezi kuyafananisha na ya mtu wa Nairobi anayekula moshi wa matatu kutwa. Kinachonifurahisha ni kwamba hata Richard Doll, yule daktari Mwingereza, alianza kwa mawazo hayo hayo. Baada ya vita vya pili saratani ya mapafu ilikuwa imepanda Uingereza kwa namna ya kutisha na Doll mwenyewe, ambaye alikuwa mvutaji, alishuku lami ya barabara na moshi wa magari. Yeye na mwenzake Austin Bradford Hill wakazunguka mahospitali ya London kuwahoji wagonjwa, waliokuwa na saratani na wasiokuwa nayo, na kilichowatenganisha hakikuwa lami, kilikuwa sigara. Doll akaacha kuvuta kabla hata utafiti haujachapishwa, na ukachapishwa 1950. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, na waliobaki walifuatiliwa mpaka 2001. Kwa hesabu zao mvutaji wa maisha anapoteza kama miaka 10, na karibu nusu ya wasioacha sigara ndiyo inayowaua.

Nusu. Kwa hio yule babu wa themanini yupo, hakuna anayesema hayupo, alikuwa kwenye nusu nyengine.

Haya, tuje kwenye moyo, maana ndio uliofanya niandike. Hapa kwetu ni wachache wanaonunua paketi. Unaenda dukani unanunua moja, kibiriti cha gesi kimefungwa kwa uzi pale dirishani unajiwashia unaondoka. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imekataza kabisa kuuza sigara moja moja, inataka paketi isiyopungua kumi, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini nenda duka lolote jioni uone. Na kwa sababu tunanunua moja moja, kila mtu kichwani mwake si mvutaji. "Mimi navuta mbili tu." "Mimi baada ya chakula tu." "Mimi mpaka niwe na watu." Nimeshakutana na mtu aliyeulizwa na daktari kama anavuta akasema hapana, na harufu ya sigara iko kwenye shati.

Kwa mapafu maneno hayo yana ukweli wake kiasi. Mapafu yanafanya kama mwenye duka anayekukopesha, anaandika kwenye daftari, mbili leo mbili kesho, na anayekopa kidogo deni lake ni dogo kuliko anayekopa paketi. Moyo hauna daftari. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 141 za watu waliofuatiliwa kwa miaka, wakauliza swali la kidukani kabisa: anayevuta moja kwa siku, hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni kiasi gani ya ile ya mvutaji wa ishirini? Mimi na wewe tungesema moja ya ishirini, asilimia tano. Waliyoyakuta ni kwamba ile moja inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya zile ishirini kwa wanaume, na kama thuluthi kwa wanawake. Kiharusi nacho vivyo hivyo, si mbali.

Niliposoma hio nilirudi nyuma kusoma tena. Lakini ukielezwa jinsi mambo yanavyokwenda mle ndani unaona kwa nini. Mshipa wa damu ndani una ngozi laini, na ngozi hio ndiyo inayotoa kemikali inayofanya mshipa ulegee na kutanuka damu inapohitajika kwa wingi. Moshi kidogo tu unaitia hitilafu, ni suala la dakika. Wakati huo huo chembe za kugandisha damu zinakuwa na unato, zinashikana upesi kuliko inavyofaa. Nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde kumi hivi na inautoa mwili kwenye utulivu wake, moyo unapiga haraka, mapigo 10 mpaka 20 zaidi kwa dakika, presha inapanda. Na ile kaboni monoksaidi imeshakalia nafasi ya oksijeni. Yaani moyo unaambiwa fanya kazi zaidi, kwa chakula kidogo, kupitia njia iliyobanwa, na damu iliyo tayari kuganda. Kwa mtu ambaye mishipa yake ina mafuta yaliyogandamana ukutani, na ukishapita arobaini na hivi tunavyokula mahamri na viazi vya karai wengi wetu tunayo, kinachohitajika ni yale mafuta yapasuke mara moja na damu igande juu yake. Mshipa umeziba. Kwa kazi hio sigara moja inatosha kusukuma, zile kumi na tisa za juu yake zinaongeza lakini haziongezi kwa kiwango kile kile.

Na hapo ndipo unaelewa jambo la wake zetu na mama zetu pia. Anayeishi na mvutaji, yeye mwenyewe hajawahi kushika sigara, hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapanda kwa asilimia 25 mpaka 30. Nyumba zetu za kale zina kuta nene na madirisha kidogo, bwana akivutia ndani ule moshi unakwenda wapi? Na huyo mama asubuhi alishakula moshi wa kuni au makaa jikoni, ambao nao una mchango wake kwenye mapafu. Watoto wenye pumu siwazungumzi, hilo kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui.

Kitu chengine ambacho watu hawakiweki kwa sigara ni miguu. Huku tunatembea, kwa hio unakiona mapema kama una macho. Mzee anatoka Mkomani kwenda sokoni, akifika kati shavu la mguu linamuuma, anasimama, maumivu yanaacha, anaenda tena, yanarudi pale pale. Anasuguliwa mafuta ya nazi kila usiku. Huenda ni baridi ya mifupa, huenda ni mishipa ya mguu imeziba, na ikiwa ni mishipa na anavuta na ana sukari, huo ndio mguu unaoanza kwa kidole cheusi.

Sasa tuseme la miraa, najua nitatukanwa. Kikao cha miraa bila sigara sijakiona bado, wanasema handasi, ule mlevyo wa miraa, haipandi. Miraa peke yake inapandisha mapigo ya moyo na presha, hio ni kazi ya kemikali inayoitwa kathinoni, na muguka ni wa jamii ile ile. Unaweka juu yake nikotini, inayofanya kitu kile kile. Na mtu ambaye mchana mzima alivuta mbili, akikaa kitako na mafundo yake kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku wa manane anavuta bila kujua anavuta. Mwaka 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi walipotangaza kuupiga marufuku muguka zilikuwa kelele mpaka mahakamani, magazeti, misikiti, kila mtu ana la kusema, na mimi nilikuwa nikisubiri mtu ataje na ile fegi iliyo mkono wa pili wa mtafunaji. Bado nasubiri.

Shisha nitapita haraka. Vijana wa Malindi wanakwambia maji yanachuja. Hayachuji, yanapoza tu ndio unavuta kwa undani zaidi, na kikao cha saa moja mtu anaweza kuingiza moshi wa ujazo wa mara 100 mpaka 200 ya sigara moja, pamoja na gesi ya yale makaa yanayowekwa juu. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017 na nyinyi mnajua wenyewe ilivyo. Vepu, hizo sigara za umeme, nazo zina kemikali chache kuliko moshi wa sigara, hilo kweli, lakini nikotini ni ile ile na moyo unaijua.

Ramadhani ndiyo inayonishangaza. Mtu anakwambia kuacha hawezi, atakufa, kisha anakaa tangu kabla ya alfajiri mpaka magharibi, saa kumi na tatu na zaidi, hajagusa, mwezi mzima! Ana hasira kuanzia alasiri, hilo sikatai, na ukimtania atakurushia kandambili, lakini hajafa. Na mwilini mwake kitu kikubwa kimeshatokea, kwa kuwa ile kaboni monoksaidi baada ya saa kumi na mbili hivi imeshatoka karibu yote, damu imerudi kubeba oksijeni kama ya mtu mwengine. Halafu adhana inaadhiniwa, tende moja, maji funda, na huyo ameshatoka nje ya mlango anawasha, kabla ya Swala, tumbo tupu, mishipa ilikuwa imeshapumzika inabanwa kwa mkupuo mmoja. Zile mbili tatu za kufungulia mimi ndizo ninazoziogopa kuliko zote za mwaka.

Na niseme jambo la huku kwetu hasa, ambalo makala za wenzetu wa bara hawana haja ya kuliandika. Mshipa wa moyo ukiziba mchezo wote ni saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inasaidia zaidi ikitolewa saa za mwanzo, baada ya saa kumi na mbili faida yake kubwa imekwisha, na kule kuzibua mshipa kwa waya wanataka ndani ya saa mbili hivi. Sasa wewe uko Kizingitini, kisiwani Pate, ni saa nane usiku, kusi linavuma. Utafute boti, uje Amu, uvuke Mokowe upande wa bara, na kutoka hapo Mombasa ni zaidi ya kilomita 300. Mtu wa Nairobi anayevuta mbili na mtu wa Kizingitini anayevuta mbili hatari zao vitabuni ni sawa, kwenye maji si sawa. Kwa hio mujue dalili: kifua kubanwa kama kimewekewa uzito, maumivu kwenda mkono wa kushoto au taya au mgongo, jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata. Wanawake na wenye sukari wakati mwengine kifua hakiumi kabisa, ni uchovu wa ghafla na kuhema. Hapo si pa kumnywesha tangawizi akalale. Aspirini ya kutafuna, kama haimdhuru na hana vidonda vya tumbo, na safari ianze hapo hapo.

Ami aliacha baada ya ile mashine. Barazani walimtisha, wakamwambia mtu mzima akiacha ghafla mwili unashtuka anakufa, na mmoja akatoa mfano wa mtu wa Faza. Nikamwambia, ami, yule wa Faza aliacha kwa sababu alishaugua, si kwamba aliugua kwa kuacha. Wale madaktari wa Uingereza, aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata kama miaka 3, wa 50 akapata 6, wa 40 akapata 9, na wa 30 karibu yote 10. Na moyo, kwa sababu ndio uliokuwa hausubiri, ndio pia unaoshukuru mapema, mwaka mmoja tu hatari ya ziada inashuka kama nusu. Akauliza, na nikipunguza niwe na mbili? Nikamwonesha ile ya BMJ. Akanitazama sana, akasema, "Mwanangu, wewe una roho mbaya."

Wiki za mwanzo akakohoa kuliko alivyokuwa akivuta. Makohozi, usiku kucha, mpaka shangazi akaanza kuamini ya barazani. Ni vile vinywele vilikuwa vinarudi kazini na vimekuta mzigo wa miaka, lakini nenda ukamweleze mtu saa tisa za usiku. Alikaribia kurudia hapo, si kwa hamu ya sigara, kwa hasira tu ya kuonekana mjinga mbele ya watu. Kilichomsaidia ni pipi za nikotini za duka la dawa, na kukaa mbali na kile kikao cha jioni kwa muda, akahamia kwa wazee wa bao ambao hawana fedha ya kununua kitu. Miezi ikapita kikohozi kikakata. Kuzamia hawezi tena na hatoweza, kilichovunjika kimevunjika. Anatengeneza nyavu, na akiniona anapita na mimi mpaka dukani, anamwambia mwenye duka, yeo nipe maji tu, na lile dirisha lako sheria inalijua.